Lakabu za Mapenzi: Haki ya Kuita na Haki ya Kujibu katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Katika mafunzo ya fasihi shuleni nchini Kenya, mwanafunzi hufundishwa kutenganisha mambo mawili yahusuyo majina ya wahusika. La kwanza ni majazi, yaani jina lioanalo na tabia au hali ya mhusika. La pili ni lakabu, yaani jina ambalo mhusika amejipa, au amebandikwa na wenziwe, juu ya jina lake la asili. Utenganisho huu una manufaa yake, lakini umezaa kasoro moja katika uhakiki. Mwanafunzi, na mara nyingine mwalimu wake pia, akikutana na lakabu huikimbilia kamusi. Hulipasua neno, hutazama maana ya kiini chake, huoanisha maana hiyo na tabia ya mhusika, kisha huihesabu kazi kuwa imekwisha. Kwa njia hii lakabu imegeuzwa kuwa majazi ya daraja la pili.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lakabu ya mapenzi, ile itumikayo baina ya jamaa na marafiki, haifasiriki kwa njia hiyo. Maana yake haimo katika neno lenyewe ila kwa sehemu ndogo. Imo katika tukio lililoizaa, katika mtu aliyeitamka kwanza, na zaidi ya yote katika jambo ambalo uhakiki haujalitilia maanani ya kutosha, nalo ni kama yule aitwaye ana idhini ya kumjibu mwitaji wake kwa jina la namna hiyo hiyo. Pale idhini hiyo ilipo, hata neno la kudunisha huweza kuwa la mapenzi. Pale isipokuwapo, hata neno laini huwa alama ya kumilikiwa. Kwanza zitatazamwa njia ambazo majina haya hupatikana nyumbani. Baadaye kipimo hiki kitatumiwa kuwatazama waimbaji wawili mashuhuri wa Unguja, na kisha riwaya kadhaa za Kiswahili.

Jinsi lakabu zinavyopatikana nyumbani

Sababu ya kwanza ya kuzuka kwa lakabu ni ya haja tu: majina rasmi ni machache kuliko watu. Katika nyumba za Waswahili wa Mombasa, Lamu au Unguja, majina ya Mtume, ya jamaa zake na ya masahaba zake hurudiwa kizazi baada ya kizazi, hata ukoo mmoja ukawa na akina Muhammad watatu na akina Fatuma wanne. Miongoni mwa Wagikuyu utaratibu ni mwingine, lakini matokeo ni yale yale. Mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti hufuata majina ya bibi zao kwa mpango huo huo. Ndugu wanne wa kiume wakioa na kujaliwa wana, wote wanne watakuwa na mtoto mwenye jina la baba yao. Mtu akiita uani, wataitika wengi. Hapo lakabu huingia kama chombo cha kupambanua kabla ya kuwa chombo cha kudekeza.

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni kufupisha. Mifano iliyozoeleka ni Mudi kwa Muhammad, Dula kwa Abdalla, Sele kwa Selemani, Rama kwa Ramadhani, na Dija kwa Khadija. Wengi huviona vifupisho hivi kuwa ni uvivu wa ulimi, lakini umbo lake lina kanuni. Baadhi yake hushika mwanzo wa jina, kama Sele na Rama; vingine hushika mwisho, kama Dija; vingine hubadilisha hata irabu, kama Dula. Juu ya tofauti hizo, vyote huishia katika umbo moja la silabi mbili wazi, konsonanti na irabu, konsonanti na irabu. Umbo hili ndilo la mama, baba, dada, kaka, babu na bibi. Kwa hiyo kufupisha ni zaidi ya kupunguza. Jina refu la chuoni na la msikitini hutiwa katika kalibu ya majina ya ujamaa, likatoka likiwa na sauti ya jikoni na ya ukumbini. Mtoto aitwaye Dija ameitwa kwa umbo lile lile ambalo yeye humwitia dada yake.

Njia ya pili ni ulimi wa mtoto mdogo. Mtoto asiyeweza kutamka jina la mkubwa wake hutoa sauti aiwezayo. Wakubwa hucheka, huiiga, na kabla ya mwaka kwisha sauti hiyo imekuwa jina. Miaka 40 baadaye mtu mzima mwenye mvi na wajukuu ataitwa na nduguze kwa kosa la matamshi la mdogo wake. Jina la namna hii ni mtihani mkubwa kwa mhakiki wa kamusi, maana halina kiini wala mnyambuliko. Halimo katika lugha ya mtu yeyote isipokuwa ya nyumba moja. Hata hivyo wenye nyumba hiyo wanajua maana yake barabara: ni kumbukumbu ya siku ambapo mmoja wao alikuwa bado anajifunza kusema na mwingine akakubali kuitwa hivyo.

Njia ya tatu ni tukio au umbile. Mtoto aliyezaliwa mdogo kupita kiasi, aliyechelewa kutembea, aliyependa embe mbichi, au aliyeanguka kisimani akaokolewa, hubaki na jina la jambo hilo. Majina haya mara nyingi hufanana na matusi. Yapo pia yale ambayo yalikusudiwa kufanana na matusi, kwa kuwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wazazi waliofiwa na watoto waliwapa waliofuata majina ya kudunisha, ili husuda au mauti yasiwatamani. Hapa ubaya wa neno ni ngao, na aliyelivaa ndiye anayelindwa.

Njia ya nne yatokana na heshima. Kwa desturi za pwani, mke hamtaji mkwewe kwa jina, na mara nyingi hata mume hatajwi ila kwa jina la mtoto: Baba Fulani. Sasa mtoto akipewa jina la babu yake, mamaye yumo katika tatizo. Hawezi kumkaripia mwanawe kwa jina la mkwewe. Basi mtoto huitwa Babu, au Baba, au Bwana, na kijana wa miaka mitatu huamrishwa kunawa mikono kwa cheo cha mzee. Nao wale walioitwa kwa jina moja huitana somo. Neno hili lina uzito wake, kwani somo pia ni mwanamke mzima amfundaye mwari, na kwa mapana ni rafiki wa siri. Jina moja limewafanya wawili kuwa wandani.

Katika njia zote hizi mtazamaji ataona sifa moja inayojirudia. Somo humwita mwenziwe somo, naye huitwa somo. Babu humtania mjukuu wake wa kike kwa kumwita "mke wangu," na mjukuu humjibu "mume wangu," au humwambia kuwa hamtaki kwa sababu hana meno. Mama humwita mwanawe "baba," na mwana humwita "mama." Utani ni wa pande mbili ama sio utani. Watu wa pwani wana methali isemayo kuwa mzaha mzaha hutumbuka usaha, na onyo lake latokana na kanuni hii hii: mzaha uendao upande mmoja tu, usioruhusu jibu, mwisho wake ni jeraha.

Kanuni hii si ya Waswahili peke yao. Katika pakruok ya Wajaluo, mtu humsimamisha mpiga nyatiti kwa fedha, akajisifu yeye na rafiki zake kwa majina ya kujitukuza na ya kuchekesha, kisha mwingine naye husimama na kujibu. Majina yatolewayo hapo yana ladha kwa sababu ni ya mashindano. Hakuna anayeita asiyeweza kuitwa. Kwa Wagiriama, mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Yule aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Kiingereza katika miaka ya 1913 na 1914 alizaliwa akiitwa Mnyazi wa Menza. Alipomzaa Katilili, aliitwa Mekatilili, yaani mama Katilili. Serikali ya kikoloni ilimkamata na kumpeleka mbali magharibi ya Kenya kwa jina hilo, na historia ikalichukua jina hilo. Hivyo jina ambalo asili yake ni heshima ya majirani kwa mzazi limekuwa jina la shujaa wa taifa. Mwenye kuliandika leo bila kujua muundo wake huweza kulidhania kuwa jina la ukoo tu, na hapo uhusiano wa mama na mtoto ulio ndani yake hupotea.

Ki- ya Kidude na ki- ya Kijakazi

Mfano ulio bora wa kupima jambo hili ni jina la mwimbaji wa Unguja, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 na ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Kisa cha jina hilo kimesimuliwa mara nyingi: alipozaliwa alikuwa mdogo mno, na mjomba wake akamwita kidude. Neno lenyewe halina adabu. Dude ni kitu kisichojulikana jina wala matumizi. Kidude ni kitu hicho kilichopunguzwa tena kwa kiambishi cha udogo. Mhakiki wa kamusi akilitazama jina hili peke yake atasema kwamba mwanamke huyu alidharauliwa tangu kuzaliwa.

Lakini jina halikubaki peke yake. Mbele yake liliwekwa Bi, neno la heshima kwa mwanamke mtu mzima. Sehemu hizi mbili zavutana: moja humpandisha, nyingine humshusha hadi kwenye kiganja cha mjomba. Kwa pamoja zinashika ncha mbili za maisha marefu, na kila aliyemwita Bi Kidude alikuwa akimheshimu bibi mzee na kumkumbuka mtoto mchanga kwa pumzi moja. Zaidi ya hayo, mwenye jina alilikubali, akalipandisha jukwaani, na kulipeleka nchi za nje, hata mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX kwa jina hilo. Waliomwita walijibiwa kwa ngoma na kwa sauti, na jina lililotolewa na jamaa mmoja likawa mali ya mwenyewe.

Sasa utazamwe mhusika Kijakazi katika riwaya ya Adam Shafi Adam, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), isimuliayo maisha ya shamba la tajiri wa Unguja kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964. Kijakazi ni mtumishi mzee ambaye utii wake kwa Fuad ni mojawapo ya nguzo za masimulizi. Kiambishi cha jina lake ni kile kile cha Kidude. Mjakazi ni mtumwa mwanamke. Kijakazi ni mjakazi aliyepunguzwa. Katika sarufi, majina haya mawili yamejengwa kwa tofali moja. Katika maisha yametengana kama mbingu na ardhi.

Tofauti yao haiwezi kuonekana kwa kuchunguza kiambishi. Yaonekana mara moja kwa kuuliza nani aita, na nani ajibu. Fuad kwa Kijakazi ni bwana, na juu ya kichwa cha kitabu amevikwa Mwinyi, neno la wenye mali na wenye mji. Kijakazi kwa Fuad ni kazi yake. Jina limeishika hali yake ya utumishi kwa namna ambayo hata uzee haukuongeza mbele yake neno la kumpandisha. Bi Kidude alipewa Bi. Kijakazi hakupewa kitu. Ni kweli kwamba Kijakazi ana mapenzi kwa bwana wake, na riwaya yaonyesha ukubwa wa mapenzi hayo kwa uchungu. Lakini mapenzi ya upande mmoja hayawezi kuligeuza jina la kazi kuwa jina la nyumbani. Mwandishi ameliona jambo hili kwa ukali zaidi kuliko wengi wa wahakiki wake, ambao hutosheka kusema kuwa jina Kijakazi ni majazi ya utumwa. Hiyo ni nusu ya hoja. Nusu ya pili ni kwamba katika kasri ile hapakuwa na mtu wa kumpa jina jingine.

Mtumwa aliyeitwa Siti

Kisa cha Siti binti Saad chaongeza jambo la tatu. Mwimbaji huyu alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, na jina alilopewa ni Mtumwa. Sheria ya kuondoa hali ya utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897. Kwa hiyo alikua katika nchi ambapo jina lake lilikuwa bado neno la sheria na la soko. Alihamia mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba, na katika 1928 alisafiri Bombay kutia nyimbo zake katika sahani za santuri. Kati ya Fumba na Bombay jina lilikuwa limebadilika. Watu walimwita Siti, neno litokalo katika Kiarabu lenye maana ya bibi mheshimiwa.

Kwa desturi, wahakiki hutazama mabadiliko haya kama kupanda ngazi: kutoka utumwani hadi ubibi. Maelezo hayo ni sahihi lakini yamekosa jambo lililo muhimu. Siti ni cheo kwa asili yake, na mtu wa kawaida hakipati kwa kuzaliwa. Kilitumiwa juu ya mwanamke muuza vyungu ambaye sauti yake iliwashinda wenye nasaba. Walioanza kumwita hivyo walikuwa wakimsifu na wakati huo huo wakiitania jamii yao, iliyokuwa imewatengea wengine neno hilo. Naye alijibu. Hakulitupa jina la baba yake. Alibaki binti Saad, hata jina lake kamili likaunganisha cheo cha waungwana na baba asiye muungwana. Ndipo Shaaban Robert alipomwandikia wasifu, na kitabu kikaitwa Wasifu wa Siti binti Saad. Hapana aliyefikiri kukiita kwa jina la kuzaliwa. Lakabu ilikuwa imelishinda jina.

Inafaa kulinganisha jambo hili na lakabu zilizozaliwa kwa hofu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefariki 1905, alijulikana kwa jina la Tippu Tip. Chanzo chake kina visa viwili. Kimoja husema ni mlio wa bunduki zake. Kingine husema ni kupepesa kwa macho yake. Kisa cha bunduki kinampendeza mwenye jina, na ndicho alichokipokea yeye katika maelezo ya maisha yake. Kisa cha macho kinafanana na lakabu za watu wa kawaida, ambao hutazama uso wa mwenye nguvu na kupata mahali pa kuchekea. Hapa mashindano si ya jina, ni ya chanzo. Mwenye bunduki aliweza kuchagua asili ya lakabu yake. Wale waliozisikia bunduki hizo hawakuwa na kitabu cha kuandika yao.

Nyumba zisizo na jina la nyumbani

Kwa kipimo hiki, riwaya ya Kiswahili yaweza kutazamwa upya. Shaaban Robert ndiye aliyeimarisha desturi ya majina yasemayo. Katika Kusadikika (1951) mshitakiwa ni Karama na mshitaki ni Majivuno. Katika Adili na Nduguze (1952) ndugu za Adili ni Hasidi na Mwivu. Katika Utubora Mkulima (1968) shujaa ni Utubora. Majina haya ni sentensi za hukumu. Mhusika amekwisha kuamuliwa kabla hajafungua kinywa. Katika hadithi za mafumbo jambo hili lina haki yake, na si adabu kumlaumu mwandishi kwa kutofanya alichokuwa hakukusudia. Kusadikika ni kitabu cha baraza na mashtaka, hakina haja ya jiko wala kitanda cha mtoto. Hata hivyo, yapasa ionekane gharama yake. Jina Utubora haliwezi kufupishwa. Hakuna mama awezaye kulipunguza, wala rafiki awezaye kulichezea, pasi na kuivunja maana ambayo mwandishi ameitia ndani yake. Mhusika mwenye jina la namna hii hana utoto.

Waliofuata waliacha mafumbo lakini si kila mara waliacha desturi hiyo. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, familia ya Zakaria na Regina katika kisiwa cha Ukerewe inatawaliwa na majina ya ubatizo: Rosa, Flora, Honorata, Stella, Sperantia. Majina haya yanafaa kwa shabaha ya riwaya, ambayo inaupima usafi uhubiriwao na kanisa kwa maisha ya msichana mmoja. Lakini msomaji atafutaye namna ambayo dada hawa waliitana wakiwa uani, mbali na padri na mwalimu, haoni mengi ya kumtosheleza. Katika Gamba la Nyoka (1979) mwandishi huyo huyo amepiga hatua. Padri Madevu ameitwa kwa ndevu zake, na kiambishi cha ukubwa kimezifanya ndevu hizo kuwa jambo la kutazamwa na kijiji kizima. Hii ni lakabu halisi, iliyotoka machoni mwa watu wa chini kwenda kwa mtu wa madaraka. Cheo chake kimebaki mbele na mzaha umefuata nyuma, kama ilivyo kwa Bi Kidude. Mpangilio ni mmoja, lakini makusudi ni mawili tofauti: Bi ilimpandisha aliyependwa, Padri yaliacha madevu yafanye kazi ya kumshusha.

Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed ndiyo riwaya ambayo imeutumia utaratibu wa kuitana kwa undani zaidi. Msomaji aangalie tu vitangulizi. Mke wa Bwana Maksuudi ni Bi Tamima. Mkunga ni Bi Farashuu. Lakini mtumishi wa nyumba ni Biti Kocho, yaani binti wa Kocho, aliyeachwa na jina la babaye badala ya lake. Mhakiki wa kamusi ataishia katika kutafuta maana ya Kocho. Jambo lililo muhimu limo katika Biti. Mwanamke mzima anaitwa kama mtoto wa mtu, katika nyumba ambayo si ya mtu huyo. Kisha yupo Mama Jeni, mwenye danguro ambamo Maimuna anaangukia baada ya kuikimbia nyumba ya baba yake. Mama Fulani ni jina la heshima na la ujirani, lile lile lililomfanya Mnyazi kuwa Mekatilili. Kulitia katika danguro ni kejeli iliyo kali kuliko maelezo yoyote ya mwandishi. Msichana amekimbia nyumba yenye baba asiyemwachia neno la kusema, akafika kwenye nyumba isiyo ya ukoo ambapo mwenye mali anaitwa mama. Jina la mapenzi limebaki na umbo lake, lakini limeondokewa na haki ya kujibu.

Kwa upande wa urafiki, mfano upendezao ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi aliyeanza katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na kuendelea katika Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na vitabu vingine. Jina lake limejengwa kama lakabu za pwani zilivyo: cheo mbele, kifupisho nyuma. Isitoshe, herufi za Msa ndizo herufi za mwanzo za majina matatu ya mwandishi wake. Kwa hiyo kila msomaji ajuaye jambo hilo huingizwa katika mzaha wa siri, kama rafiki aliyeambiwa chanzo cha jina. Hii ni sehemu ya siri ya mapenzi ya wasomaji kwa mpelelezi huyu, ingawa uhakiki umeshughulika zaidi na mafumbo ya vifo na wauaji.

Hitimisho

Hoja iliyotolewa hapa ina matokeo mawili ya kazi. La kwanza lawahusu wahakiki na walimu. Swali la mtihani liulizalo maana ya lakabu fulani litakuwa na faida zaidi likiongezwa maswali matatu: ni nani aliyeitoa, ni nani aruhusiwaye kuitumia, na aitwaye humjibuje mwitaji. Mwanafunzi akiyajibu haya, atatambua mwenyewe kwamba Kidude na Kijakazi si majina ya jamii moja, na atajua ni kwa nini Mama Jeni anamtia baridi.

La pili lawahusu wakusanyaji wa fasihi simulizi. Tangu mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipodai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi ya Kiafrika, pamoja na ile ya mdomo, iwekwe katikati ya masomo, wanafunzi wengi wametumwa vijijini na mitaani kuwaandika waimbaji na wasimulizi. Katika karatasi zao jina la msimulizi huandikwa kama lilivyo katika kitambulisho cha taifa. Kitambulisho hakina nafasi ya jina la nyumbani. Lakini jina la nyumbani ndilo ambalo wasikilizaji walimwitia alipokuwa akiimba, ndilo alilolitia katika ubeti wake wa kujitambulisha, na ndilo ambalo jamaa hulazimika kulitia katika tangazo la kifo ili majirani wajue ni nani aliyefariki. Mtafiti asiyeliandika, pamoja na kisa chake, amemwandika raia na kumwacha msanii.

Majina haya hayadumu. Lakabu iliyotokana na ulimi wa mtoto hufa na mtu wa mwisho aliyekuwa akiitumia, na baada yake hapana kamusi itakayoirudisha. Kwa sababu hiyo kazi ya kuyakusanya haifai kuahirishwa, na ianze kwa wazee ambao bado wapo watu wa kuwaita kwa majina yao ya utotoni.